Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: msitulaumu wazazi, wapimeni watoto wetu

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, na nyie wote mnaokaa kwenye vikao vya kuamua dawa gani inunuliwe na kipimo gani kiwekwe wapi, shikamooni.

Mi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga, kazi yangu ni kushona nguo. Siyo daktari. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kukaa kwenye mabenchi ya kliniki miaka mitatu na zaidi, kwa kuuliza, kwa kusoma usiku kwenye simu watoto wakishalala na kumpigia mdogo wangu ambaye ni mtu wa maabara anieleweshe pale nilipokwama. Naandika kwa sababu binti yangu wa pili ana baridi yabisi, na kwa sababu kuna neno niliambiwa mbele yake ambalo mpaka leo halijanishuka kooni.

Najua mtu akisikia baridi yabisi anamuwaza bibi anayelalamika magoti msimu wa mvua. Hata mi nilikuwa hivyo hivyo. Kumbe kuna ya watoto, inaanza kabla mtoto hajatimiza miaka 16, na kiungo kikivimba wiki 6 au zaidi na sababu nyingine haionekani ndo wanaiita hivyo. Uingereza wanakadiria ni kama mtoto 1 kati ya 1,000. Hapa kwetu mtoto anazungushwa sana kabla hajapewa jina la ugonjwa wake, anapimwa malaria, anapimwa selimundu, wanasema kaanguka shuleni, wanasema ni ukuaji, bibi naye anasema mtoto kakanyaga kitu. Sisi tulizunguka miezi 9.

Alikuwa na miaka mitano na nusu. Asubuhi alikuwa hawezi kushuka kitandani kama watoto wengine, anateleza kwa tumbo mpaka miguu iguse sakafu, halafu anasimama kainama kashika ukingo wa kitanda, anangoja, yaani anangoja mwili umruhusu. Nilikuwa nachemsha maji naweka kwenye beseni anatumbukiza mikono humo mpaka vidole vilegee ndo aweze kushika kikombe cha chai. Ikifika saa nne hivi anafunguka anaanza kucheza, na ndo maana majirani walikuwa wananiambia huyo hana kitu anadeka tu, wao walikuwa wanamuona saa nne, saa kumi na mbili asubuhi walikuwa hawapo.

Tulipompata daktari anayeujua huu ugonjwa akamuandikia methotreksati, vile vidonge vidogo vya njano vya miligramu 2.5, vinne kwa mkupuo mmoja, mara moja tu kwa wiki, na vidonge vya foliki siku zingine. Tukachagua Ijumaa jioni ili Jumamosi ajilalie. Wiki za mwanzo alikuwa anameza vizuri, nikawa nampa na juisi ya embe iteremke. Mwezi wa tatu akaanza kutapika kabla hata hajameza, akiona kikombe tu. Mwezi wa tano tukipita sokoni akiona mafungu ya embe anashika tumbo ananivuta mkono twende. Mpaka leo embe hali. Baadae nikaambiwa hilo ni jambo linalojulikana kwa watoto wengi wa methotreksati, wengine inakuwa rangi ya njano yenyewe, wengine harufu ya chumba cha kliniki. Mi nilikuwa najua ni wangu tu.

Ijumaa 28 sikuruka hata moja. Akitapika kabla hajameza namsubiri naanza upya vile daktari alivyonielekeza, tunalia wote, lakini dawa inaingia. Na magoti yakawa yale yale, na vifundo vya mikono vile vile. Sasa siku ya kliniki mhudumu mmoja, sitamtaja na hospitali sitaitaja kwa sababu sijaja kumshitaki mtu, akaangalia faili, akaangalia magoti ya mtoto, akasema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia: mama, wewe humpi mtoto dawa.

Binti yangu akageuka kuniangalia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hayo maneno yenyewe.

Kwa bahati sina tabia ya kutupa vitu, maganda ya vidonge vyote yalikuwa kwenye droo ya cherehani. Usiku ule nikayakusanya nikayatia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kesho yake nikapanda gari nikarudi nalo mpaka pale, nikalimwaga mezani. Karatasi 12, 11 tupu na moja imebaki vidonge 8. Ijumaa 28 mara vidonge 4 ni 112, na 8 vilivyobaki, 120, hesabuni wenyewe. Wakanyamaza. Lakini hakuna aliyesema basi mama kama dawa amekunywa na haikufanya kazi, tujiulize kwa nini haikufanya kazi. Swali hilo halikuulizwa na ndilo linalonifanya niwaandikie.

Kwa sababu kwenye benchi lile lile kulikuwa na mwenzangu mmoja anatokea Handeni, naye binti yake umri karibu na wangu, walianza dawa ile ile mwezi ule ule na dozi inakaribiana. Mwezi wa nne yule mtoto alikuwa anakimbizana na wenzie kwenye korido mpaka manesi wanamfokea, na wangu kakaa anamuangalia. Yule mama akawa anaona haya hata kufurahi mbele yangu. Mi simlaumu, na wala sidhani kama yeye ni mama bora kuliko mimi, dawa ni ile ile kutoka dirisha lile lile la famasi. Kilichotofautiana ni watoto.

Aliyenitoa gizani ni daktari mmoja kijana alikuwa zamu siku hiyo. Alichukua fomu ya maabara akaigeuza upande wa nyuma akachora duara, akaniambia mama hii ni seli. Methotreksati imefanana sana na foliki, ile vitamini, kiasi kwamba inaingia ndani ya seli kwa mlango wa foliki. Ikishaingia seli inaibandika mikia, mmoja, wa pili, mpaka mitano huko, na mikia ikiwa mingi ndo dawa inang'ang'ania ndani na kufanya kazi yake vizuri. Kuna kimeng'enya, yaani kitu cha mwili chenyewe kinachoharakisha kazi ndani ya seli, cha kubandika mikia, na kuna kingine kama mkasi kazi yake kuikata. Kuna pampu kwenye ukuta wa seli zinaisukuma dawa irudi nje. Halafu ndani kabisa kuna kimeng'enya kinaitwa ATIC, dawa inakizuia hicho, na kikizuiwa inaongezeka kitu inaitwa adenosini ambayo ndo inapoza ule moto wa kwenye viungo. Akaniambia sasa mama, mlango, mikia, mkasi, pampu, ATIC, kila kimoja kinatengenezwa kwa maelekezo ya jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, na jeni za watu zinatofautiana herufi moja moja. Kuna mtoto pampu zake zina nguvu, dawa inaingia inatolewa. Kuna mwingine mkasi wake una haraka. Dozi moja, watoto wawili, mmoja imebaki ndani wiki nzima na mwingine imeshatoka.

Nilikaa na ile karatasi, ninayo mpaka leo. Nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama, alikuwa akimpa mtu dawa ya mitishamba anamuuliza baada ya siku mbili, imekukubali? Na kama hapana hakuwa anamgombeza mtu, anasema damu yako haipatani na hii, ngoja tukupe nyingine. Watu wetu wote wanasema hivyo, dawa imemkubali, dawa imemkataa, na mi nilikuwa nayaona ni maneno tu ya wazee.

Sasa waheshimiwa, sitaki kuwadanganya wala kujifanya najua kitu ambacho hata wataalamu hawajakifikia. Mpaka leo hakuna kipimo cha jeni ambacho daktari wa watoto popote pale anakitumia kliniki kila siku kusema huyu mpe methotreksati na huyu usimpe. Watafiti wanahangaika nacho. Mwaka 2011 Waingereza walitoa ripoti kwamba tofauti kwenye ile jeni ya ATIC zinaendana na mtoto gani atapata nafuu, 2012 Waholanzi wakaja na jeni mbili za pampu, ABCB1 na ABCC3, na wengine huko Marekani wanapima ile mikia yenyewe kwenye damu za watoto. Majibu ya utafiti mmoja mara nyingi yanagoma kujirudia kwenye mwingine, na watoto wanaofanyiwa ni wachache, kwa hiyo mambo bado. Na binti yangu hajawahi kupimwa jeni yoyote, kwa hiyo siwezi kusema ni pampu au ni mkasi. Ninachosema ni kwamba hicho kitu kipo, kinajulikana, na mtu anayekijua hawezi kumgeukia mama akamwambia humpi mtoto dawa kama neno la kwanza linalomjia mdomoni.

Na yule mhudumu wala hakuhitaji kujua jeni. Jaribio lililoifanya methotreksati iaminike kwa watoto lilifanyika Marekani na Umoja wa Kisovieti, likachapishwa 1992, watoto 127. Wale waliopewa miligramu 10 kwa kila mita ya mraba ya mwili, walioonekana kupata nafuu ni 63 kwa 100. Wale waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 36 kwa 100. Kwa hiyo kwenye jaribio lenye usimamizi, na wataalamu wa nchi mbili kubwa, watoto 37 katika kila 100 waliokunywa dawa yenyewe kwa dozi hiyo haikuwafaa vya kutosha ndani ya miezi 6. Na hao wazazi nao walikuwa hawawapi watoto dawa? Hili jambo lina zaidi ya miaka 30 limeandikwa, ilitakiwa liwe limeshafika mpaka kwenye kile chumba tulichokaa mi na mwanangu.

Halafu kuna hili la damu zetu kutokuwemo. Kwenye huo utafiti wa vinasaba na dawa watu wengi mno ni wa asili ya Ulaya, na hapo ndo mi naona hatari kwetu. Chukueni mfano wa jeni ya MTHFR inayohusika na foliki, ndo imeandikwa sana kwenye mambo ya methotreksati. Kuna badiliko lake moja linaitwa 677 ambalo Ulaya wanalo watu wengi na huku kwetu kusini mwa Sahara ni adimu. Kwa hiyo hata kesho wakitengeneza kipimo kizuri kabisa kinachotegemea badiliko hilo, kikiletwa Tanga hakitaniambia kitu chochote cha maana kuhusu mwanangu. Na yapo mabadiliko mengine ambayo yako kwetu na kwao hayapo, sasa hayo nani atayatafuta kama hakuna mtoto wa kwetu kwenye utafiti? Afrika ndo bara lenye tofauti nyingi za vinasaba kupita mabara yote, na nchi yetu peke yake ina makabila zaidi ya 120, Mbondei, Mmasai, Mhadzabe, Mhehe, na hapa pwani watu wamechanganya na Uarabuni na Uhindi miaka na miaka. Huwezi kupima watoto wa Manchester ukasema umetupima na sisi.

Na hili la dawa kukataana na damu nchi hii inalijua, tena mkoa huu huu. Muheza, hapo ni mwendo wa gari dogo tu kutoka nilipo, watoto walishiriki majaribio ya dawa ya malaria ya klorproguanili na dapsoni wakati klorokwini imeshachoka na Fansidar nayo inaanza kushindwa. Ile dawa ikaingia sokoni 2003 kwa jina la Lapdap. 2008 ikaondolewa. Sababu ni kwamba ilikuwa inavunja chembe nyekundu za damu kwa watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, upungufu ambao ni wa kurithi, unakaa kwenye kromosomu ya X kwa hiyo unawapata zaidi wavulana, na uko mwingi kwetu kwa sababu ile ile inayofanya selimundu iwe nyingi kwetu, malaria imekaa hapa muda mrefu na wenye upungufu huo walikuwa wanapona pona. Yaani dawa imeundwa kwa ajili ya Waafrika, imejaribiwa kwa Waafrika, na bado kitu kilichomo kwenye damu ya Waafrika wengi kilikuja kupewa uzito wake dawa ikiwa tayari sokoni. Nikisoma hiyo habari nilikaa kimya muda mrefu kwa sababu mi nimezaliwa na kukulia huku na nawajua watu waliokuwa watoto miaka hiyo.

Na G6PD hainitoki akilini kwa sababu ya salfasalazini, dawa nyingine wanayopewa watoto hawa, hasa wavulana wakubwa kidogo ambao ugonjwa umewashika nyonga na visigino. Siyo hatari kama dapsoni, hilo nimelielewa, lakini maelezo ya dawa yenyewe yanasema mwenye upungufu wa G6PD aangaliwe kwa karibu kwa ajili ya damu. Nimekaa na mama mmoja kijana wake kaandikiwa hiyo dawa, nikamuuliza umeulizwa kuhusu G6PD, akaniambia ndo nini hiyo. Hakuulizwa. Sisemi asipewe, nasema aulizwe, apimwe, na mama aambiwe akiona mkojo umekuwa kama chai ya rangi akimbie hospitali asingoje tarehe ya kliniki. Dawa hiyo hiyo tena inasafishwa mwilini na kimeng'enya cha NAT2, ambacho watu wa TB wanakijua kwa sababu ndicho kinachoshughulika na isoniazidi, na kuna watu wengi NAT2 yao ni ya polepole, hao ndo wanasumbuka zaidi na kichefuchefu na kichwa. Mtoto akisema mama hii dawa inaniumiza kichwa, siyo kila siku anatafuta sababu ya kutomeza.

Azathioprini nayo, baadhi ya watoto ambao ugonjwa umeingia kwenye macho wanapewa. Kuna jeni ya TPMT, mtu ambaye kimeng'enya chake hakifanyi kazi kabisa akipewa dozi ya kawaida uboho wake unaacha kutengeneza damu. Ni wachache, lakini kwa huyo mmoja ni maisha yake. Na hapa pana kitu nataka mkione vizuri: 1999 kuna watafiti waliwalinganisha Wakenya na Wazungu, wakakuta lile badiliko la TPMT walilonalo Wakenya ni aina inayoitwa 3C, wakati kwa Wazungu inayotawala ni 3A. Ugonjwa mmoja, dawa moja, jeni moja, na bado herufi ya kutafuta ni nyingine. Mkinunua kipimo muulize kinatafuta nini.

Kodeini nitaisema kwa ufupi kwa sababu haina mjadala. Mtoto wa viungo ana maumivu, na mzazi akichanganyikiwa anatafuta chochote famasi. Kodeini inageuzwa kuwa mofini na kimeng'enya CYP2D6, na kuna watu wana nakala za ziada za jeni hiyo, wanaigeuza haraka kupita kiasi na mtoto anaweza kusinzia akaacha kupumua. Ethiopia walipopima, majibu yalichapishwa 1996, watu kama 29 kwa 100 walikuwa na nakala za ziada. Marekani 2017 walitoa onyo lao kali kabisa kwamba isitumike kwa watoto chini ya miaka 12. Jirani zetu ndo wenye idadi hiyo kubwa, kwa hiyo naomba tangazo litoke mpaka kwenye famasi za vichochoroni huku, kwa Kiswahili, lenye herufi kubwa, kwamba mtoto asiuziwe kitu chenye kodeini.

Sasa ninachoomba.

Kwanza lile la adabu, halina gharama. Andikeni kwenye miongozo yenu kwamba mtoto wa baridi yabisi akifika miezi kadhaa na dawa haijafanya kazi, kitu cha kwanza ni kuangalia dozi na njia ya kuipokea, kwa sababu vidonge vikizidi kiwango fulani tumbo halivifyonzi vyote na sindano chini ya ngozi inaweza kufanya kazi pale ambapo kidonge kimeshindwa. Binti yangu alikuja kubadilishiwa sindano baada ya mwaka na ushee, na ilimsaidia, siwezi kusema imemponya, lakini sasa anatembea mwenyewe kwenda shule na magoti yamepungua. Kifundo cha mkono wa kulia ndo hakikunji tena, kimeganda, anaandika kwa kushoto. Ule mwaka na ushee tuliokuwa tunagombana kuhusu nani kampa na nani hakumpa dawa ndo kile kifundo kiliharibika. Sindano ingekuja mwezi wa saba sijui ingekuwaje, nawaza hilo kila nikimuona ameshika penseli.

Muulizeni mzazi kuhusu dawa kwa upole, ndio, wapo ambao hawampi mtoto, nauli imekosekana, dawa imekosekana, mtoto anatapika mama ana huruma. Lakini muulizeni pembeni, siyo mbele ya mtoto.

Kingine, vipimo ambavyo tayari vina maana viwepo pale kliniki inapofanyika. G6PD hata hapa nchini inapimwa, siyo teknolojia ya kwenda kuifuata Ulaya, ni suala la kuamua tu kwamba mtoto huyu apimwe kabla. TPMT iwepo walau hospitali moja ya rufaa ambayo sampuli zinaweza kutumwa. Na ambao methotreksati imewakataa kabisa hata kwa sindano wawe na pa kwenda, Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu za watoto ya 2023 limeweka mpaka tosilizumabu na anakinra kwa magonjwa haya ya viungo. Najua bei zake, nimeziona nikazima simu. Lakini mkiziingiza kwenye hesabu za bima hata kwa watoto wachache waliothibitishwa, itakuwa kuna mlango. Sasa hivi mtoto ambaye damu yake imekataa kidonge cha njano anakuwa kama amemaliza zamu yake.

Na la mwisho ndo kubwa kwangu. Anzisheni daftari la taifa la watoto wa baridi yabisi, na kila anayeanza methotreksati achukuliwe damu kidogo ihifadhiwe, aandikwe dozi, aandikwe mwezi wa tatu yukoje, wa sita yukoje, wa kumi na mbili. Msiseme haiwezekani hapa kwetu. Muhimbili tangu 2004 wanawafuatilia wagonjwa wa selimundu, wamefika maelfu, kazi ya kina Profesa Julie Makani na wenzake, na dunia inakuja kujifunza hapo. Watoto wa viungo ni wachache zaidi, mabingwa wa kuwatibu Afrika Mashariki nzima unawahesabu kwa vidole, basi unganeni na Wakenya, na Waganda, sisi wazazi hatuna shida na mpaka. Miaka kumi ijayo daktari wa Tanga awe na jibu lililotoka kwenye damu za watoto wa Tanga.

Nitakachosema hapa nasema kwa niaba ya wamama wengi niliokaa nao. Watu wanaogopa kutoa damu. Kuna maneno huku mtaani, wanachukua wanaenda kuuza, wanapeleka nje. Haitoshi kuwaambia ni ujinga. Semeni wazi damu itakaa wapi, nani ataigusa, itakuwa ni ya nani, na majibu yakipatikana mrudi mtuambie sisi wenyewe kwa lugha tunayoielewa, siyo yaishie kwenye jarida la Kiingereza ambalo mama wa Handeni hatalisoma. Watoto wa Muheza walitoa damu zao. Sijui ni wangapi wazazi wao waliwahi kuelezwa dawa ile iliishia wapi na kwa nini.

Mkianzisha hilo daftari, mi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Nimeshamuuliza binti yangu kama atakubali kutoa damu, sikutaka kumsemea, akaniuliza kama wataona kwamba nilikuwa nampa dawa. Nikamwambia ndio wataona. Akasema basi atatoa, lakini wachome mkono wa kulia, wa kushoto anauhitaji wa kuandikia.

Kopo liko juu ya kabati na maganda yake yote yamo, na ile karatasi ya daktari mwenye duara. Mkiniita nakuja navyo.

Mama wa mtoto wa kliniki, Tanga